Jani, kete, pusha: mzazi wa Nanyala aelewe nini kwenye simu ya mwanawe

Nanyala iko Mbozi, kando ya barabara kuu ya Tanzam, na malori ya Tunduma hupita hapo usiku na mchana. Panapopita mizigo na wageni wengi, dawa za kulevya nazo hupata njia. Siku hizi zinatangulia kufika kwenye simu: kundi la WhatsApp, video ya TikTok, ujumbe wa maneno mawili. Mzazi asiyeyajua maneno hayo anaweza kuyasoma yote na asione kitu.

Anza na maneno yenyewe

Bangi huitwa ndumu, msuba, ganja au jani. Ile kali huitwa skanka. Heroini ni unga, ngada, wakati mwingine sembe. Kete ni kipimo kidogo kilichofungwa tayari kuuzwa. Mirungi ni gomba au veve. Muuzaji ni pusha, mtumiaji aliyezama ni teja, na maumivu yanayompata akiikosa dawa ni arosto. Stimu ni ule ulevi wenyewe.

Zipo pia emoji. Mwaka 2021 mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya ya Marekani, DEA, ilitoa mwongozo kwa wazazi: picha ya brokoli au mnazi huweza kumaanisha bangi, chembe ya theluji kokeini, plagi ya umeme muuzaji. Vijana wetu wanatazama video zilezile.

Usihukumu kwa neno moja

Kijana akiandika "nipo na stimu leo", huenda ana furaha ya mpira tu. Sembe ni chakula chetu cha kila siku. Maneno haya pia hubadilika upesi: wazazi wakilijua moja, vijana huhamia jingine. Kwa hiyo tazama neno pamoja na mwenendo. Je, anaandika bei na mahali pa kukutana? Anafuta ujumbe kila ukikaribia? Macho mekundu, usingizi wa ovyo, utoro shuleni, marafiki wapya asiotaka uwaone, fedha au vitu vya nyumbani kupotea: dalili mbili tatu zikikutana na neno, ni wakati wa kuzungumza.

Uliza kama anayetaka kujua

Chagua saa tulivu, mkiwa shambani kwenye kahawa au mkiosha vyombo, si mbele ya wadogo zake. Anzia mbali kidogo: "Mwanangu, nasikia vijana wanasema ndumu. Huku kwetu wanaipata wapi?" Kisha nyamaza, msikilize. Kijana husema mengi kuhusu "rafiki" kabla hajasema kuhusu nafsi yake. Ukimpokonya simu na kumchapa, atanunua laini nyingine na kujifunza kuficha vizuri zaidi.

Mweleze hatari bila kutia chumvi. Anayenunua kete hajui kilichochanganywa ndani. Biskuti au keki yenye bangi huchelewa kulevya, hivyo mlaji huongeza nyingine akidhani ya kwanza haifanyi kazi. Dawa za hospitali kama tramadoli na sharubati za kikohozi zenye kodeini nazo hulevya zikitumiwa bila agizo la daktari.

Ukiona hatari, chukua hatua

Mtoto akilala haamshiki, anapumua kwa shida au midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu na umkimbize kituo cha afya kilicho karibu. Chukua mabaki ya alichotumia, na mwambie mhudumu ukweli wote. Aibu isigharimu uhai.

Kwa ushauri, au kutoa taarifa za muuzaji, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bure kwa namba 119. Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, nayo ni bure. Aliyekwisha kuingia kwenye heroini anatibika: tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, na kwa watu wa mkoa wetu wa Songwe ipo karibu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Mwisho, mpe mwanao ahadi moja na uitimize: akikwama popote, saa yoyote, akupigie. Utamfuata kwanza, maswali yatasubiri asubuhi.