PADRI LOURDEL, MISIONARI KIJANA KATIKA SIKU ZA MASHAKA

Somo kwa wakatekumeni

Mkatekumeni aliyekwisha kufundishwa mwaka mzima na zaidi huanza kuhesabu miezi. Sala anazijua, katekisimu anaijibu pasipo kukosa, na kila Dominika anafika ijapo mto umejaa. Basi hujiuliza moyoni: "Mbona ningali nangoja? Na padri akiondoka kabla ya siku yangu, itakuwaje?"

Swali hili si jipya. Liliulizwa zamani katika nchi ya Buganda, kando ya ziwa Nyanza, na vijana ambao leo Eklezia yote huwaita watakatifu. Aliyeulizwa alikuwa padri kijana, mgeni katika nchi ile, naye mwenyewe hakujua kama kesho ataamka salama. Sikilizeni habari zake.

1. Asili yake na safari yake

Siméon Lourdel alizaliwa mwaka 1853 huko Dury, kijiji cha wakulima upande wa kaskazini wa Ufaransa. Alipokuwa kijana aliingia shirika la Mapadri Weupe, lililoanzishwa mwaka 1868 na Askofu mkuu Lavigerie wa Alger. Akapewa upadri mwaka 1877. Mwaka uliofuata akachaguliwa pamoja na wenzake kwenda katikati ya Afrika, mahali ambapo Mapadri Weupe walikuwa hawajafika bado.

Walikuwa 10. Waliondoka Marseille mwezi wa nne 1878, wakafika Zanzibar, na katika mwezi wa sita wakatoka Bagamoyo kwa miguu pamoja na wapagazi wao. Mmoja wao, Padri Pascal, akafa njiani. Wenzake wakamzika, wakaendelea na safari. Baadaye kundi likagawanyika. Wengine wakashika njia ya ziwa Tanganyika, na kwa kazi yao imani ikafika pwani ya Kongo. Misioni ya Mpala ilikuwa mikononi mwa Mapadri Weupe tangu mwaka 1885. Lourdel alikuwa katika kundi la Nyanza.

Walipofika kusini ya ziwa hilo, mkubwa wao, Padri Livinhac, akamtuma Padri Lourdel na Bruda Amans watangulie kwa mtumbwi, wakamwombe Mutesa, mfalme wa Buganda, ruhusa ya kukaa katika nchi yake. Tarehe 17 mwezi wa pili 1879 wakashuka Kigungu, karibu na mahali panapoitwa sasa Entebbe. Padri Lourdel alikuwa na umri wa miaka 25.

2. Kazi zake za kila siku

Mfalme aliwapokea. Bruda Amans akarudi na mitumbwi ya mfalme kuwaleta wale waliobaki ng'ambo, na Padri Lourdel akangoja pasipo mwenzake wa shirika. Sheria ya Lavigerie ilitaka wamisionari wakae watatu pamoja, wasipungue, maana alijua ya kuwa upweke huvunja moyo wa mtu. Lakini kwa muda ule kijana huyu hakuwa na ndugu wa kumwungamia wala wa kumwuguza. Barua ya kwenda kwao ilipaswa kuvuka ziwa, kisha kwenda na msafara mpaka pwani, kisha kupanda meli. Mtu aliyeandika leo alingoja jibu miezi mingi.

Lavigerie alikuwa amewaagiza wana wake mambo matatu: kusema lugha ya watu, kula chakula chao, na kuvaa kama wao wanavyovaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya misionari haikuwa kuhubiri, bali kujifunza kama mtoto. Kwanza Padri Lourdel alitumia Kiswahili, kwa kuwa mfalme na wakuu wengi walikijua kwa sababu ya wafanya biashara waliotoka Zanzibar. Kisha akajifunza Kiganda. Watu walisikia wenziwe wakimwita "mon père", maana yake "padri wangu" kwa Kifaransa, nao wakamwita Mapera. Jina hilo lilimshika mpaka kufa.

Wenzake walipofika katika mwezi wa sita, maisha ya misioni yakapata utaratibu. Kabla ya jua kuchomoza, sala na Misa takatifu. Kisha kazi za mikono: kujenga, kulima, kutunza watoto waliokombolewa utumwani. Kisha wagonjwa, maana Padri Lourdel alijua dawa kidogo, na habari hiyo ilifika hata nyumbani kwa mfalme. Na kila siku mafundisho kwa wale waliokuja. Wengi wao walikuwa vijana waliomtumikia mfalme. Waliiba saa moja mchana au usiku, wakaja kusikiliza, wakarudi mbio kabla hawajatafutwa. Siku moja ilifanana na siku nyingine, na katika siku hizo zilizofanana ndimo Mungu alimojenga Eklezia ya Uganda.

Wanne wa kwanza wakabatizwa tarehe 27 mwezi wa tatu 1880, ndiyo Jumamosi kuu. Lakini Lavigerie hakutaka haraka. Aliamuru kila mtu afundishwe na kujaribiwa muda wa miaka minne kabla ya Ubatizo. Alisema hivyo kwa kuwa mkristu wa Afrika angeweza kuulizwa siku yoyote: "Imani yako au uhai wako?" Hakupenda aulizwe hivyo mtu asiyejua anajibu nini.

3. Padri anaondoka

Moyo wa mfalme Mutesa ulikuwa kama upepo wa ziwani. Leo aliwapenda Wakatoliki, kesho Waprotestanti wa Uingereza, kesho kutwa Waislamu, naye aliogopa mataifa ya nje yasije kula nchi yake. Hatari ikazidi, na katika mwezi wa kumi na moja 1882 wamisionari wakaondoka, wakavuka ziwa, wakakaa Bukumbi upande wa kusini. Hawakurudi mpaka mwezi wa saba 1885, baada ya Mutesa kufa na mwanawe Mwanga kuketi katika kiti chake.

Fikirini vema jambo hili, ninyi mnaoogopa padri asije kuondoka. Wakristu wa Buganda walibaki karibu miaka mitatu bila Misa, bila maungamo, bila komunyo takatifu. Je, imani ilikufa? Haikufa. Yosefu Mukasa, aliyebatizwa tarehe 30 mwezi wa nne 1882, alikuwa mkuu katika nyumba ya mfalme. Akawakusanya vijana na kuwafundisha. Andrea Kaggwa, aliyebatizwa siku ile ile, akafanya vivyo hivyo nyumbani mwake. Mapera aliporudi aliwakuta wakatekumeni wengi kuliko alivyowaacha. Mbegu haikuwa yake. Yeye aliipanda tu. Mwenye shamba hakuondoka kamwe.

4. Usiku wa kubatiza

Furaha ya kurudi haikukaa. Tarehe 29 mwezi wa kumi 1885, Hannington, askofu wa Waanglikana, aliuawa kwa amri ya mfalme alipokuwa njiani kuja Buganda. Yosefu Mukasa akamwonya Mwanga kwa ajili ya damu hiyo, tena akawalinda vijana wasishike matendo machafu aliyowataka. Mfalme akakasirika. Siku zile akaugua macho, na Padri Lourdel akampa dawa. Hali yake ikazidi kuwa mbaya. Maadui wakasema ya kwamba Mukasa ametaka kumtilia sumu. Dawa iliyotolewa kwa wema ikageuzwa kuwa shtaka. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja Yosefu Mukasa akauawa, wa kwanza wa mashahidi Wakatoliki wa Uganda.

Habari ilipofika misioni, wakatekumeni wakaja kwa siri, kundi baada ya kundi, wakiomba Ubatizo. Hapo mapadri walipaswa kuamua. Sheria ya miaka minne ilikuwa njema. Lakini sheria ya Eklezia ni kwa ajili ya wokovu wa watu, na kifo kilikuwa mlangoni. Wakawapima mmoja mmoja, na wale waliokuwa tayari wakabatizwa. Katika juma lile walibatizwa watu zaidi ya 100. Mmoja wao alikuwa Karoli Lwanga, aliyeshika kazi ya Mukasa ya kuwatunza vijana.

Wengine waliambiwa wangoje. Kati yao alikuwamo Kizito, mvulana wa miaka kama 14, aliyemwomba Mapera Ubatizo mara nyingi. Padri hakumkataa, bali alimwambia bado kidogo. Alipenda awe imara kwanza.

5. Njiani kwenda Namugongo

Tarehe 25 mwezi wa tano 1886, huko Munyonyo, hasira ya mfalme ikawaka tena. Usiku ule vijana walijua ya kuwa kesho watahukumiwa. Padri alikuwa mbali. Karoli Lwanga akachukua maji, akawabatiza wakatekumeni waliokuwa pamoja naye: Mbaga, Mugagga, Gyavira na Kizito. Hakuwa padri. Alikuwa mkristu aliyefundishwa vema, aliyejua maneno ya Ubatizo na nia ya Eklezia, na saa ya hatari ilipofika hakubabaika.

Asubuhi Mapera akaja mbio kuwaombea kwa mfalme. Hakusikilizwa. Akasimama karibu na ua, na hapo wakapitishwa mbele yake wamefungwa kamba, wakubwa kwa wadogo, na Kizito kati yao. Padri hakuweza kutamka neno kwa uchungu. Yakobo Buzabaliawo akainua mikono yake iliyofungwa, akaonyesha juu mbinguni. Siku ile mwanafunzi alimfundisha mwalimu wake.

Tarehe 3 mwezi wa sita 1886, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, Karoli Lwanga na wenzake wengi wakachomwa moto Namugongo. Waanglikana nao walikufa pamoja nao kwa ajili ya jina lile lile la Yezu. Wakatoliki 22 walitangazwa kuwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 mwezi wa kumi 1964. Yeye mwenyewe akafika Uganda mwaka 1969.

6. Mfalme anaomba mahali pa kulala

Mwaka 1888 Mwanga naye akaondolewa katika kiti chake. Muda mfupi baadaye wamisionari wakafungwa, wakanyang'anywa mali zao, wakafukuzwa. Wakarudi tena Bukumbi. Na mwishoni mwa mwaka ule nani alikuja kugonga mlango wa misioni hiyo? Mwanga mwenyewe, mkimbizi, ambaye mikono yake ilikuwa na damu ya wana wao. Wamisionari wakampokea, wakampa chakula na mahali pa kulala. Hapo ndipo mtu aonapo kama padri anasadiki yale anayoyafundisha.

Baadaye Mapera akarudi Buganda, akajenga tena misioni huko Rubaga. Lakini mwili ulikuwa umechoka. Tarehe 12 mwezi wa tano 1890 akafa kwa homa, mwenye umri wa miaka 36. Hakuuawa kwa mkuki wala kwa moto. Alitoa maisha yake kidogo kidogo, siku kwa siku, muda wa miaka 11.

7. Mafundisho

Basi, wewe unayehesabu miezi, tazama mambo haya. Muda wa kungoja si adhabu, wala padri hakuoneshi dharau. Ni siku za kuotesha mizizi. Upepo ukija kabla ya mizizi, mti huanguka. Ukija baada yake, mti huinama na kusimama tena. Na kama siku za mashaka zikikuta kijijini mwako hakuna padri, usiseme: "Mungu ametuacha." Kusanyeni watu, salini rozari, fundisheni watoto, someni Injili, tunzeni wagonjwa. Hivyo ndivyo walivyofanya Mukasa na Kaggwa, na padri wao aliporudi hakukuta nyumba tupu.

MASWALI

Kwa nini wamisionari walijifunza lugha kwanza? — Kwa sababu mtu hawezi kuwafundisha watu asiowaelewa.

Kwa nini Lavigerie aliweka miaka minne? — Ili imani ya mkatekumeni iwe imara kabla ya kujaribiwa.

Nani aliwafundisha Waganda wakati mapadri hawapo? — Wakristu wenyewe, kama Yosefu Mukasa na Andrea Kaggwa.

Nani aweza kubatiza katika hatari ya kufa? — Mtu yeyote, akimwaga maji na kusema maneno ya Ubatizo kwa nia ya Eklezia.

Wamisionari walimtendea nini Mwanga alipokimbia? — Walimpokea na kumpa mahali pa kukaa.

AZIMIO

Juma hili kila mkatekumeni ajifunze kwa moyo maneno ya Ubatizo, kisha amfundishe mtu mmoja nyumbani mwake jambo moja alilolisikia katika mafundisho.

SALA

Ee Yezu, uliyempa Mapera moyo wa kungoja na mashahidi wa Uganda moyo wa kusimama, utupe nasi subira katika siku za amani, na nguvu katika siku za mashaka. Amina.