Chungu wa Kichuguuni na Malkia Wake

Mvua zinapoanza kunyesha katika bonde la Kilombero, kumbikumbi hutoka vichuguuni, na watu huwaokota kwa kitoweo. Hata hivyo, si kila mdudu mwenye mabawa atokaye kichuguuni ni kumbikumbi.

Kumbikumbi ni mchwa. Mabawa yake manne hulingana kwa urefu, vipapasio vyake vimenyooka, wala hana kiuno. Chungu ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopindika kama kiwiko, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma.

Yuko chungu mmoja aishiye ndani ya vichuguu vya mchwa, ambaye wataalamu humwita Carebara vidua. Jina hilo alipewa na Frederick Smith mwaka 1858. Vidua ni neno la Kilatini lenye maana ya mjane. Ameenea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwemo, lakini wachache wamjuao. Mfanyakazi wake ana urefu wa milimita 2 hivi, na huishi chini ya ardhi. Malkia hufikia takriban milimita 24. Taarifa ya uchunguzi uliofanyika Kenya, iliyotolewa mwaka 1984, ilieleza jinsi chungu hao wanavyowawinda mchwa.

Tofauti hiyo ya maumbile ilizua swali: je, mama mkubwa kiasi hicho huwalishaje watoto wadogo kama vumbi? Vitabu vya zamani vilijibu kwamba malkia huruka akiwa amebeba wafanyakazi kadhaa, walioshikilia vinyweleo vya miguu yake, ili wamsaidie kulea. Maelezo hayo yalipendeza, yakanakiliwa kwa miaka mingi. Mwaka 1989, Robertson na Villet wa Afrika ya Kusini walionyesha kwamba malkia aweza kuanzisha kundi jipya peke yake, pasipo msaidizi yeyote.

Fundisho lake ni kwamba maelezo yanayoridhisha akili si ushahidi. Ushahidi hupatikana kwa kumtazama mdudu mwenyewe. Kazi hiyo yaweza kufanywa hata na mwanafunzi wa Ifakara mwenye chupa na kioo cha kukuzia. Mvua ijayo, kabla ya kuwatia kikaangoni wadudu aliowaokota, na awachunguze kwanza kiuno, vipapasio, mabawa na miguu, kisha aandike alichokiona.