Zana za Kukata Chuma katika Karakana ya Mwalimu

Mwalimu afundishaye kazi za mikono katika shule ya msingi hana budi kuwa na mahali pake pa kujaribia kazi kabla hajaipeleka darasani, hata kama mahali penyewe ni meza moja nzito iliyowekwa chini ya kibanda cha mabati. Katika miezi ya karibuni nimekuwa nikinunua, kimoja baada ya kimoja, vifaa vya kukatia chuma kwa ajili ya karakana ya namna hiyo nyumbani kwangu. Nakusudia katika makala haya kuwaeleza walimu wanafunzi mambo niliyoyatazama wakati wa kununua. Mshahara wa mwalimu hauruhusu kununua kitu kimoja mara mbili. Zaidi ya hayo, mwalimu asiyejua kwa nini msumeno huu unakata na ule unakwama hawezi kumsaidia mtoto ambaye kazi imemshinda. Atamwambia tu aongeze nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayovunja vifaa na kujeruhi mikono.

Bledi kwanza, fremu baadaye

Watu wengi wanaponunua msumeno wa chuma huitazama fremu: rangi yake, mpini wake, uzito wake. Fremu ni kishikizo tu. Kinachokata ni bledi, yaani ule ubapa mwembamba wenye meno, na bledi hutofautiana sana ingawa huonekana sawa zikiwa zimetundikwa dukani. Zilizo nyingi zina urefu wa milimita 300 kutoka tundu hadi tundu. Tofauti kubwa iko katika idadi ya meno kwa kila inchi moja, nayo aghalabu ni 18, 24 au 32. Namba hiyo huandikwa ubavuni mwa bledi. Ikiwa imefutika, laza bledi juu ya rula na uyahesabu meno yaliyomo katika milimita 25. Kazi hiyo hata mtoto wa darasa la nne aiweza. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba bledi zake zote ni za aina moja. Nilizihesabu mbele yake, tukakuta aina mbili katika boksi lile lile.

Kanuni ya kuchagua ni kwamba wakati wote wa kukata, meno yasiyopungua matatu yawe yamekigusa chuma. Sababu yake si ngumu kuielewa. Jino likibaki peke yake juu ya ukingo mwembamba, ukingo huo huingia katika nafasi iliyo baina ya jino na jino, na msumeno ukisukumwa jino hung'oka. Meno ya bledi ya 18 yameachana kwa kiasi cha milimita 1.4, kwa hiyo chuma chenye unene wa chini ya milimita 4 hivi hakifai kukatwa nayo. Bledi ya 24 yafaa kwa unene wa kuanzia milimita 3, na ile ya 32 yaweza kushuka hadi milimita 2 na nusu. Nondo ya milimita 12 yataka bledi ya 18, kwani hiyo ina nafasi pana ya kubebea chembe za chuma. Ukiikata nondo hiyo kwa bledi ya 32, chembe hujaa katikati ya meno na msumeno huanza kuteleza bila kuuma. Bomba la maji huhesabiwa kwa unene wa ukuta wake, wala si kwa upana wake. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ikiwa fedha zatosha kununua aina moja tu, na iwe ya 24.

Baada ya idadi ya meno, utazame ugumu. Bledi iliyo ngumu mwili mzima hukata kwa unyoofu, lakini ikipindishwa huvunjika kama kioo, na vipande vyake huruka. Ipo nyingine iliyounganishwa kwa vyuma viwili, meno yakiwa magumu na mgongo ukiwa laini. Hii hupinda bila kuvunjika. Kwa mikono ya watoto ambao bado hawajazoea kusukuma msumeno bila kuupinda, hii ya pili ndiyo ya kununua, ijapokuwa bei yake ni kubwa zaidi. Herufi HSS zilizoandikwa ubavuni humaanisha kwamba meno ni ya chuma cha pua kinachostahimili joto. Lakini maandishi ni rahisi kughushi. Mwombe muuzaji akuruhusu kupitisha tupa ndogo juu ya jino moja la ukingoni, karibu na tundu. Tupa ikiteleza, jino ni gumu. Ikiuma na kuacha alama, bledi hiyo iache hapo hapo.

Bledi hufungwa meno yakielekea mbele, kwani msumeno hukata unaposukumwa. Kaza nati mpaka bledi isilegee, kisha ongeza mizunguko miwili au mitatu. Bledi iliyokazwa vizuri hutoa mlio mkali ukiigonga kwa ukucha. Watoto huupenda mlio huo na hawausahau. Msukumo uwe wa bledi nzima, si wa sentimita chache za katikati, na mwendo uwe wa misukumo 50 hivi kwa dakika. Mwendo huo ni wa taratibu kuliko mapigo ya moyo. Anayekwenda mbio huyapasha meno moto na kuyafanya butu kabla ya wakati.

Kulifundisha jambo hili

Badala ya kuitaja kanuni ya meno matatu ubaoni, waachie wanafunzi waigundue. Funga kipande cha bati nene la milimita 1.5 katika jiliwa, uwape bledi kuukuu ya 18 na nyingine ya 32, na waambie wajaribu kila moja kwa misukumo mitano tu. Ya kwanza itagonga na kurukaruka. Ya pili itapita, ingawa si kwa ulaini. Sasa waulize: Ni meno mangapi yamegusa bati? Watainama wahesabu. Katika bledi ya 18 watakuta jino moja, pengine mawili. Katika ile ya 32 watakuta mawili. Kisha waulize ni kwa njia gani wataongeza idadi hiyo bila kununua bledi nyingine. Wape muda, wala usiwadokezee. Aghalabu yupo atakayeulaza msumeno ili ukate kwa mshazari, na kwa kufanya hivyo unene unaoguswa na meno umeongezeka. Mwingine atapendekeza bati libanwe katikati ya vipande viwili vya mbao na vyote vikatwe pamoja. Majibu yote mawili ni sahihi, na mafundi huyatumia kila siku.

Litokee pia swali la bledi iliyovunjika kazi ikiwa katikati. Meno ya bledi yamepindwa kidogo, haya kushoto na yale kulia, ili mfereji wa mkato uwe mpana kuliko bledi yenyewe. Bledi iliyotumika sana upana huo umekwisha. Kwa hiyo bledi mpya ikiingizwa katika mfereji wa ile ya zamani hubanwa na kuvunjika. Kigeuze kipande cha chuma na uanze kukata upande wa pili.

Vifaa vingine

Jiliwa ndilo lililonigharimu zaidi, nami nililinunua likiwa limekwisha kutumika. Katika jiliwa kuukuu zungusha mpini mbele na nyuma. Ukiwa huru kwa zaidi ya robo ya mzunguko kabla taya haijasogea, hesi zimelika. Taya za upana wa milimita 100 zatosha. Sehemu ya juu ya taya ifikie kiwiko cha mtu anayefanya kazi, na kwa kuwa kiwiko cha mtoto kiko chini, weka ubao imara wa kusimamia.

Mabati ya kuezekea ya geji 28 yana unene wa nusu milimita au pungufu. Hayo si kazi ya msumeno bali ya mkasi wa bati. Usiufumbe mkasi mpaka ncha zake zikutane, kwani kila zinapokutana huacha jino kali ukingoni, nalo hukata vidole.

Tindo ni ya bei ndogo, na mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanaotengeneza masanduku na majiko ya mabati, wameonyesha ni kazi kiasi gani yaweza kufanywa kwa nyundo, tindo na mkasi. Kichwa cha tindo kikichanua kama uyoga kichongwe mara moja, maana vipande vyake huruka machoni. Tupa nayo isitumiwe bila kipini. Mkia wake hutoboa kiganja. Gunzi la mahindi ni afadhali kuliko kukosa kipini kabisa. Ukipaka tupa chaki, ambayo mwalimu haikosi, chembe za alumini hazitaganda katika meno yake.

Grenda

Nimenunua na grenda ndogo, ya disiki za milimita 115. Inakata nondo kwa muda mfupi sana, na sikusudii kuwadharau waitumiao. Hata hivyo grenda hiyo haitoki nyumbani kwenda shuleni. Mtoto hawezi kuhesabu chochote katika disiki inayozunguka, na kosa lake halimpi nafasi ya kujirekebisha.

Na tufanye hesabu, kwa kuwa inaweza pia kuwa zoezi zuri kwa darasa la saba. Grenda ndogo huzunguka kwa kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Mzingo wa disiki ya milimita 115 ni mita 0.361. Ukizidisha na kugawanya kwa 60, ukingo wa disiki unakwenda mita 66 kwa sekunde. Disiki za kawaida zimeruhusiwa kwenda mita 80 kwa sekunde na si zaidi. Sasa iondolewe kofia ya kinga, kama tunavyoona katika karakana nyingi za mitaani, ili ivalishwe disiki ya milimita 230. Ukingo wake utakwenda mita 132 kwa sekunde. Disiki hiyo ikipasuka, hakuna kilichosalia kuvizuia vipande visimfikie anayeishika. Kabla ya kununua disiki soma mwendo wake, ambao umeandikwa juu yake, pamoja na tarehe ya mwisho iliyogongwa katika pete ya chuma ya katikati. Gundi inayoishikilia disiki huzeeka, hasa mahali penye unyevu.

Mambo mawili zaidi mwalimu ayajue, hata kama hatashika grenda kamwe. Bati lililopakwa zinki likikatwa kwa joto hutoa mafusho yanayoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Na pipa lililowahi kuwa na petroli au mafuta lisikatwe kwa kifaa chochote kitoacho cheche, hata likionekana kavu, kwani mvuke uliobaki ndani waweza kulipuka.

Kwa shule yenye jiliwa moja, wagawe wanafunzi wanne wanne: mmoja akate, wa pili ashike mwisho wa chuma, wa tatu ahesabu misukumo kwa sauti akitazama saa, na wa nne aandike. Kila baada ya misukumo 50 wabadilishane. Makundi mengine wakati huo yapige mistari ya kukatia na kusawazisha kingo kwa tupa.