Dondoo muhimu: Kuwafikia mafundi wa jadi wa Japani

Tokyo na Kyoto zina mengi ya kuona, lakini mafundi wengi wa kazi za jadi wako mbali na miji hiyo. Ukipata safari, zingatia haya:

• Chagua kazi moja, ufuate chimbuko lake. Karatasi ya washi: Echizen (Fukui) au Mino (Gifu). Nguo za nili: Tokushima. Vyombo vya udongo: Onta (Oita), ambako maji ya mto bado yanaendesha vinu vya kutwangia udongo.

• Omba nafasi ya kutembelea mapema. Karakana nyingi ni za familia, hivyo usifike bila taarifa.

• Angalia ratiba. Mabasi ya vijijini ni machache. Ujue saa ya basi la mwisho la kurudi.

• Beba yeni taslimu. Si kila duka dogo hupokea kadi.

• Shika adabu. Vua viatu unapoelekezwa, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, wala usiombe kupunguziwa bei.

• Wakumbuke mafundi wa mji wa Wajima. Tetemeko la ardhi la Januari 1, 2024 liliharibu karakana zao za vyombo vinavyopakwa utomvu wa mti. Ukiweza, nunua kazi yao. Ndivyo ufundi huo utakavyodumu.