Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Kuanza Kazi Katika Idara ya Rasilimali Watu

Mimi ni mwanachama wa zamani wa Chama cha Kiswahili, na siku hizi nafanya kazi katika idara ya rasilimali watu ya benki moja ya kimataifa jijini Nairobi. Mlezi wa chama ameniomba niandike juu ya kazi hii kwa sababu kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne humwuliza swali lile lile: "Mwalimu, Kiswahili kitanipeleka wapi? Benki si wanataka watu wa hesabu?" Jibu langu ni refu kidogo. Basi vuteni viti mkae kitako.

Idara hii ni ipi?

Zamani iliitwa idara ya wafanyakazi tu. Kazi yake ni kushughulika na mtu tangu anapoleta ombi la kazi mpaka siku anapostaafu: kumwajiri, kumfunza, kuhakikisha amelipwa, kumpa likizo, kusikiliza malalamiko yake na, akikosea, kusimamia mambo ya nidhamu.

Benki ya kimataifa ni ile yenye makao makuu katika nchi moja na matawi katika nchi nyingi. Hapa kwetu si jambo geni. Standard Chartered, yenye makao makuu London, ilianza kazi Kenya mwaka 1911. Citibank ya New York ilifika mwaka 1974. Nazitaja kama mifano tu. Benki yangu sitaitaja.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika benki ya namna hii, kanuni nyingi huandikwa ng'ambo, kwa Kiingereza. Lakini mfanyakazi aliyeajiriwa Kenya hulindwa na sheria ya Kenya. Afisa wa rasilimali watu anasimama katikati: mkono mmoja ameshika kanuni za makao makuu, mkono wa pili ameshika sheria ya nchi, na mbele yake ameketi binadamu.

Njia ya kuingia

Benki nyingi kubwa huchukua mahafala wachache na kuwaweka katika mpango wa mafunzo wa mwaka mmoja na nusu hivi au miwili. Kwa kawaida hawajali sana ulisomea nini, bali ulifaulu vipi. Mimi nilisomea Kiswahili na sosholojia.

Kwanza unajaza fomu kwenye tarakilishi. Pili, unafanya majaribio ya hesabu na ya kufikiri, na saa inakimbia kweli kweli. Tatu ni mahojiano. Mwisho mnaitwa siku nzima, mnapewa tatizo mlitatue kwa kikundi huku wakubwa wakiwatazama. Hapo wengi hudhani anayesema sana ndiye atakayechukuliwa. La hasha! Debe tupu haliachi kuvuma. Wanaotazama huandika pia ni nani aliyemsikiliza mwenzake, na nani aliyemvuta katika mazungumzo yule aliyenyamaza.

Jambo moja msisahau: mwajiri wa haki hamwuzii mtu kazi. Ukiambiwa utume pesa za "fomu" au "chai ya mkubwa" ili jina lako lipite, jua huyo ni tapeli au mla rushwa. Funga mkoba wako uende zako.

Kazi hii pia ina taaluma yake. Tangu mwaka 2012 tuna sheria inayohusu wataalamu wa usimamizi wa rasilimali watu, nayo inawataka wasajiliwe. Kwa hivyo ukishaajiriwa, vitabu huviweki kabatini. Mitihani bado ipo.

Mwaka wa kwanza

Mgeni huzungushwa. Miezi kadhaa yuko kwenye uajiri, kisha mafunzo, kisha mishahara, kisha nidhamu. Mengi ni kazi ya mafaili. Unahakiki vyeti, unahesabu siku za likizo, unaandika barua. Si kazi ya kujionyesha, lakini tarakimu moja ikikosewa kwenye mishahara, kuna mtoto wa mtu atakayerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Tena unajifunza kufunga mdomo. Unajua nani anapata kiasi gani, nani ni mgonjwa, nani ana kesi. Hayo hayatoki nje ya ofisi, hata kwenye matatu jioni mkipiga soga na rafiki.

Neno moja, riziki ya mtu

Nikiwa katika kitengo cha nidhamu, dereva mmoja wa makamo alipewa barua. Petroli iliyoandikwa kitabuni haikulingana na kilomita alizoendesha. Barua ilisema kwamba amesimamishwa kazi kwa siku 14 ili uchunguzi ufanywe. Mwenzake aliipitisha macho haraka haraka akamwambia, "Mzee, umepigwa kalamu." Basi akaja ofisini kwetu na barua nyingine mkononi, ya kujiuzulu, ili aondoke kabla ya kufukuzwa.

"Mwanangu, nionyeshe mahali pa kutia sahihi niende zangu," aliniambia.

"Mzee, subiri kwanza. Hujafutwa. Umesimamishwa tu."

"Kwani tofauti iko wapi?"

Tofauti ni kama ya mbingu na ardhi. Aliyesimamishwa bado ni mfanyakazi, na neno lake halijasikizwa. Aliyefutwa ameondolewa na mwajiri. Aliyejiuzulu ameondoka kwa hiari yake mwenyewe, na kesho itakuwa vigumu kwake kulalamika. Aliyepunguzwa hana kosa lolote, ila nafasi yake imeondolewa. Haya ni maneno manne, na kila moja lina malipo yake na haki zake. Mkubwa wangu aliniagiza nimweleze barua ile kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Yule mzee akairudisha mfukoni barua yake ya kujiuzulu.

Siku ya kusikilizwa alikuja na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe. Alieleza kwamba safari kadhaa ziliandikwa katika kitabu cha gari jingine. Vitabu vyote viwili vikaletwa, vikalinganishwa, na ikawa kama alivyosema. Alirudi kazini. Lau angetia sahihi siku ile, nani angehangaika kukifungua kile kitabu cha pili?

Wala msidhani ile ilikuwa hisani ya benki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji mbaya au kukosa uwezo wa kimwili, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Anaruhusiwa kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na hoja zake zisikilizwe. Kifungu cha 9 nacho kinadai kwamba asiyeelewa lugha ya mkataba aelezwe kwa lugha anayoijua. Mnaona? Lugha si pambo. Imetiwa ndani ya sheria yenyewe.

Kweli isemwe

Msije mkadhani idara hii ni mama wa wafanyakazi. Hapana. Inalipwa na mwajiri, na kuna siku utaandika barua ya kumwachisha mtu kazi, naye amekosa kweli. Siku hiyo utalala na mawazo. Ndiyo maana nikachagua methali iliyo juu ya makala haya. Haisemi mnyonge hataadhibiwa kamwe. Inasema hata akiadhibiwa, haki yake apewe: aambiwe kosa lake kwa maneno anayoyafahamu, na ajibu kabla hukumu haijakatwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kidato cha nne, usiitupe hesabu, kwani bila hiyo jaribio la kwanza litakuangusha. Kaza Kiingereza, maana makao makuu yanaandika kwacho. Lakini Kiswahili ukishike kwa mikono miwili. Benki ina watu wengi wa kuisoma kanuni. Wanaoweza kumweleza dereva, tarishi au mpishi kanuni hiyo bila kuipotosha wala kumdharau ni wachache.

Msamiati

Mahafala: wale waliohitimu chuo kikuu.
Tarishi: anayepeleka barua na vifurushi vya ofisi.
Kusimamishwa kazi: kuzuiliwa kufanya kazi kwa muda, hasa uchunguzi unapofanywa.
Kupigwa kalamu: kufutwa kazi (lugha ya mitaani).
Kujiuzulu: kuacha kazi au cheo kwa hiari.
Kupunguzwa kazini: kuondolewa kwa sababu nafasi haipo tena.

Zoezi

1. Tunga sentensi nne kuonyesha tofauti kati ya kusimamishwa, kufutwa, kujiuzulu na kupunguzwa kazini.
2. Kwa nini mwandishi anasema kwamba lugha "si pambo"?
3. Jadilianeni chamani: "Afisa anayelipwa na mwajiri hawezi kumtendea haki mwajiriwa."

Wasalaam,
Mwanachama wa zamani