Kitengela: Malisho Yalivyogeuka Ploti

Tukiketi na wazee wa Kitengela wanatukumbusha jinsi nyumbu walivyotoka Mbuga ya Nairobi wakati wa mvua, wakaja kuzaa huku. Wachungaji waliwahamisha ng'ombe mbali, wasiambukizwe ugonjwa. Hakukuwa na ua wala geti.

Ilikuwaje tukawa mtaa? Ardhi ilikuwa ranchi ya kikundi. Mwaka wa 1988 iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Mwaka wa 1990 sheria ya EPZ ilipitishwa. Viwanda vikajengwa Athi River, na wafanyakazi wakatafuta pa kulala. Basi vipande vikakatwa ekari, ekari zikakatwa ploti. Pesa zililipa karo na kujenga nyumba za mawe. Lakini ng'ombe akiuzwa, mwingine huzaliwa; ploti ikiuzwa, imeenda.

Tunajifunza nini? Hati ina jina la mmoja, ardhi inalisha wengi. Kabla ya kuweka sahihi, keti na mama na watoto. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya mume na mke pia.

Tujadiliane:
1. Tuliyouza yalituletea nini?
2. Iliyobaki tutaitunzaje?

Someni pamoja Mithali 22:28.