SOMO: Ugumu Bila Ubaya
Mafunzo kutoka uwanja wa mpira wa kikapu



Vijana wetu wengi wanapenda mpira wa kikapu, na wengi huwatazama wachezaji wa kulipwa wa Marekani. Hatuwalaumu, maana mchezo huo ni mzuri. Lakini pamoja na kuiga namna ya kurusha mpira, wako wanaoiga na mengine: kumpiga mwenzao kiwiko, kumsukuma aliye hewani, na kumsimamia kwa majivuno yule aliyeanguka. Wakionywa hujibu, "Huo ndio ugumu. Hata wakubwa wanacheza hivyo."

Katika somo hili tutalipima jibu hilo. Huko katika ligi kuu ya Marekani, iitwayo NBA, mchezaji mgumu ni nani hasa? Na yule mgeni, aliye katika mwaka wake wa kwanza, hujifunza ugumu huo kwa njia gani? Tutalitazama jambo hili katika sehemu tano.

1. Nia ya aliyeuanzisha mchezo

Mpira wa kikapu uliundwa na mwalimu. Jina lake ni James Naismith, mzaliwa wa Kanada, ambaye alikuwa amesomea pia elimu ya dini. Mwezi wa Desemba mwaka 1891 alikuwa akifundisha katika chuo cha Y.M.C.A. mjini Springfield, Marekani. Yalikuwa majira ya baridi, naye aliagizwa atafute mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba, ili vijana wasiumizane kama walivyoumizana katika michezo ya nje. Basi alitundika vikapu viwili vya matunda, kimoja kila upande, kimo cha futi 10, akawagawa wanafunzi 18 katika timu mbili.

Yeye mwenyewe alisimulia mwaka 1939 jinsi jaribio la kwanza lilivyokwenda. Vijana walirukiana, wakapigana ngumi na mateke, hata wengine wakatoka na macho yaliyovimba na mmoja akateguka bega. Naismith aliona chanzo cha fujo ile. Mwenye mpira akiruhusiwa kukimbia nao mkononi, njia ya kumzuia ni kumkamata na kumwangusha. Kwa hiyo alikataza kukimbia na mpira. Na kikapu alikiweka juu makusudi, kwa maana mpira unaotupwa kwa nguvu tupu hauingii humo. Hauna budi kurushwa kwa kipimo, upande juu na kushuka taratibu.

Kanuni zake za kwanza zilikuwa 13. Kanuni ya tano ilikataza kumpiga mpinzani bega, kumshika, kumsukuma, kumtega au kumgonga. Mwenye kurudia kosa alitolewa mpaka kikapu kingine kifungwe. Na ikionekana wazi kwamba alikusudia kuumiza, alitolewa mchezo mzima, wala timu yake haikuruhusiwa kumweka mwingine mahali pake. Tangu siku za mwanzo, basi, waliohukumu mchezo walitazama kusudi la moyo pamoja na tendo la mkono.

2. Mgusano ulio halali

Hata hivyo tusidhani kwamba mchezo huu ni wa kuepukana. Katika ligi ya kulipwa watu kumi, wengi wao warefu sana, hugombania nafasi ndogo kwa dakika 48. Hawawezi kukosa kugusana. Kinachotakiwa ni kujua haki ya kila mmoja.

Msingi wake ni huu: kila mchezaji ana haki ya mahali alipotangulia kusimama, pamoja na hewa iliyo juu yake. Akiruka wima na mikono yake imenyooka juu, hana kosa, hata kama mshambuliaji atamgonga. Mpira ukigonga ubao, anaruhusiwa kumweka mpinzani mgongoni mwake na kupanua miguu ili aupate yeye. Anaruhusiwa pia kusimama kama nguzo ili mwenzake apite nyuma yake. Mambo haya yanataka mwili wenye nguvu, na anayeyafanya vizuri hustahili sifa.

Tena liko jambo moja ambalo watazamaji wengi hawalitambui. Mlinzi akiwahi kusimama mahali pake, na mshambuliaji akaja kwa kasi akamgonga kifuani na kumwangusha, kosa ni la mshambuliaji, na mpira hupewa timu ya yule aliyeanguka. Mtu huyo amekubali kuanguka chali mbele ya maelfu ya watu ili wenzake wapate mpira. Makocha huithamini sana kazi hii, ingawa haimwongezei mchezaji hata pointi moja. Kijana anayedhani kwamba mgumu ni yule aangushaye tu, alitafakari jambo hili.

Anayevuka mpaka naye ana adhabu yake. Mchezaji wa NBA akifikisha makosa sita hutoka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kosa la kugusa bila sababu ya mchezo lina adhabu ya peke yake: mpinzani hupewa mitupo miwili ya adhabu, kisha timu yake hupewa mpira. Likiwa ni la kupita kiasi, mkosaji hutolewa uwanjani. Na mwaka 2004 ligi ilikaza kanuni inayomkataza mlinzi kumzuia kwa mkono mpinzani aliye na mpira.

3. Ngumi moja ya mwaka 1977

Sisi tuliofundisha walimu tulizoea kuwaambia kwamba kila kanuni ina kisa chake. Kisa kimoja kinachojulikana sana katika NBA ni cha tarehe 9 Desemba 1977, siku Los Angeles Lakers walipocheza na Houston Rockets.

Ugomvi ulianza kati ya Kermit Washington wa Lakers na mchezaji mmoja wa Houston. Rudy Tomjanovich, naye wa Houston, alikimbia kwenda kuwaamua. Washington alihisi mtu anamjia, akageuka na kurusha ngumi. Ikamkuta Tomjanovich usoni, hali yu mbioni kumwelekea. Mifupa ya uso na ya fuvu ikavunjika, na maisha yake yakawa hatarini. Hakucheza tena msimu ule. Washington alitozwa faini ya dola 10,000 na kusimamishwa kwa siku 60.

Wakati ule mapigano uwanjani yalikuwa yameanza kuzoewa, na wengine waliyahesabu kuwa sehemu ya burudani. Ngumi ile iliwazindua. Msimu uliofuata ligi ilijaribu kuweka waamuzi watatu badala ya wawili, na tangu mwaka 1988 watatu ndio desturi.

Na tujiulize, kati ya watu wale wawili mgumu alikuwa nani? Washington alikuwa na nguvu nyingi, na wenzake walimtegemea awalinde. Lakini kwa dakika moja nguvu zake zilimtawala, na jambo lile likamfuata miaka yote. Tomjanovich alirudi uwanjani msimu uliofuata, akacheza vizuri hata akachaguliwa miongoni mwa nyota wa ligi. Baadaye akawa kocha, akaiongoza Houston kutwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995. Kurudi mahali ulipovunjwa uso, ukacheza bila kutafuta wa kumlipiza, ni ugumu ambao ngumi haiwezi kuufikia.

4. Detroit na Chicago

Miaka kumi baada ya hapo ilitokea timu iliyojivunia ukali wake, nayo ni Detroit Pistons, waliojulikana kwa jina la "Watoto Wabaya". Walikuwa hodari kweli, wakatwaa ubingwa mwaka 1989 na 1990. Kwa ajili ya Michael Jordan wa Chicago Bulls walikuwa na mpango maalumu. Akielekea kikapuni, azingirwe na watu wengi, na ikibidi aangushwe sakafuni. Chicago walitolewa na Detroit mwaka 1988, wakatolewa tena mwaka 1989, na tena mwaka 1990.

Jordan angeweza kujibu kwa viwiko. Aliamua kujenga mwili wake. Akapata mwalimu wa mazoezi, akaongeza uzito na nguvu, ili akigongwa aweze kubaki wima na kumaliza kazi yake. Akajifunza pia kuwaamini wenzake na kuwapa mpira anapozingirwa. Mwaka 1991 timu hizo zilikutana tena, Chicago wakashinda michezo yote minne. Mstahimilivu hula mbivu.

Siku ya mchezo wa nne, kabla ya muda kwisha, wachezaji kadhaa wa Detroit, Isiah Thomas na Bill Laimbeer miongoni mwao, walitoka uwanjani bila kuwapa washindi mkono. Kitendo hicho kinasemwa mpaka leo, na kimefunika mengi mazuri waliyoyafanya.

Lakini katika timu hiyo hiyo alikuwamo Joe Dumars. Ndiye aliyepewa kazi ya kumkaba Jordan, na Jordan mwenyewe amemsifu kuwa mlinzi bora aliyepata kukutana naye. Dumars alikaba kwa miguu yake na kwa akili, kwa upole na bila matusi. Ligi ilipoanzisha tuzo ya uungwana wa kimichezo mwaka 1996, wa kwanza kuipokea alikuwa yeye, na baadaye kikombe chenyewe kikapewa jina lake. Twaona basi kwamba mtu aweza kuishi kati ya wakali, akafanya kazi ile ngumu kuliko wote, asichukue ukali wao.

5. Mgeni na wenyeji wake

Sasa tumtazame mchezaji wa mwaka wa kwanza. Mara nyingi ni kijana wa miaka 19 au 20 hivi, aliyekuwa mfalme katika chuo chake. Huku ligi ya kulipwa anakuta wanaume wenye miaka kumi ya kazi. Hutumwa kubeba mikoba ya wakubwa na kuwaletea maandazi asubuhi. Wengine huvikwa begi dogo la mtoto wa shule, na anayekataa huweza kukuta gari lake limejazwa bisi. Mizaha hiyo ikiwa na kiasi humkumbusha mgeni kwamba amekuja kujifunza. Ikizidi huwa uonevu, na uonevu haujengi mtu.

Mfano mzuri ni wa Earvin "Magic" Johnson, aliyejiunga na Lakers mwaka 1979. Katika mchezo wa kwanza, Kareem Abdul-Jabbar alifunga kikapu cha ushindi katika dakika ya mwisho, na Johnson akamrukia shingoni kwa furaha kana kwamba wametwaa ubingwa. Mzee yule alimwambia atulie, kwa kuwa ilikuwa bado michezo 81. Kijana alilipokea neno lile, lakini furaha yake hakuiacha. Mwezi wa Mei 1980 Kareem aliumia kifundo cha mguu. Johnson, akiwa na miaka 20 tu, alicheza mahali pake, akafunga pointi 42, na Lakers wakawa mabingwa.

Mfano wa pili ni wa mwenyeji. Mwaka 1997 San Antonio Spurs walimpata Tim Duncan, wakati nyota wao alikuwa David Robinson. Robinson angeweza kumwonea wivu kijana aliyekuja kuchukua sifa zake. Kinyume chake alimkaribisha nyumbani kwake wakafanya mazoezi pamoja, na kadiri miaka ilivyopita akampisha mbele. Wakawa mabingwa mwaka 1999, na tena mwaka 2003, msimu wa mwisho wa Robinson. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mfano wa tatu unatugusa zaidi, maana ni wa kijana wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mwenye futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote, akawa Mtanzania wa kwanza katika NBA. Memphis Grizzlies walimchukua. Mwezi wa Februari 2010 walimpeleka kwa muda katika ligi ndogo ya mafunzo. Mpaka wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa katika nafasi ya juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko, na wengi walimcheka. Fikirini uzito wa jambo hilo kwa kijana mgeni aliyebeba jina la nchi nzima. Alikwenda akacheza, akarudi. Alidumu NBA mpaka mwaka 2014, kisha akaendelea na kazi yake Asia, katika nchi za Japani na Taiwan. Hakuwa bingwa wa mabao kama wengi walivyotumaini, lakini kushushwa hakukumfanya aukimbie mchezo. Tunapowahesabu wagumu, naye tumhesabu.

Mwisho wa somo

Tukikusanya yote tuliyoyaona, jibu la wale vijana halisimami. Ni kweli wakubwa hugongana, tena kwa nguvu. Lakini aliyekumbukwa kwa heshima ni yule aliyeweza kugongwa akaendelea na kazi yake. Aliyeumiza alikumbukwa kwa majuto. Nguvu hupatikana kwa mazoezi. Kuitawala nguvu hiyo hujifunzwa polepole, na mgeni hujifunza zaidi kwa kumtazama mwenyeji kuliko kwa kuambiwa. Kwa hiyo wanaowafundisha vijana wetu uwanjani, na wachezaji wakubwa walio mbele yao, wajue kwamba wanatazamwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Mlinzi anayekubali kuangushwa huisaidiaje timu yake? Tajeni kazi nyingine za namna hiyo, zisizo na sifa, katika maisha yetu.

2. Kwa nini Naismith alitaka aliyekusudia kuumiza asipate wa kushika nafasi yake? Je, timu yahusika katika kosa la mtu mmoja?

3. Mgeni anapoingia katika timu, kazi au kikundi, kutaniwa kwake kunafaa kuishie wapi?

4. Johnson, Duncan na Thabeet walipokewa kwa njia tatu mbalimbali. Kila mmoja alihitaji nini kutoka kwa wenyeji wake?